Chai ya Pipa la Buluu

Kitu cha kwanza kunigonga puani kila asubuhi mwezi ule wa tisa kilikuwa kinyesi cha ng'ombe. Cha pili kilikuwa mimi mwenyewe.

Pipa lenyewe lilikuwa la buluu, kimo chake kikinifika kifuani, na lilikaa nyuma ya nyumba yetu ya kupanga hapa St Marys, kati ya kamba ya kuanikia nguo na dirisha la chumba changu. Kwamba lilikuwa karibu na dirisha langu na si la wazazi wangu, walisema ni vile tu ardhi ilivyokaa. Ndani ya pipa kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na foronya ya mama yangu, ile ya maua ya zambarau, imejazwa samadi mbichi, imefungwa shingo kwa kamba na kuning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya mdomo wa pipa. Baba alikiita kitu hicho chai. Kazi yangu ilikuwa kuikoroga kabla ya kwenda shule.

Familia yenye akili timamu haifiki mahali kama hapo kwa siku moja. Sisi tulipelekwa na Shosho.

Shosho ni mama yake baba, na alikuja kututembelea kutoka Murang'a mwezi wa sita. Huku mwezi wa sita ni baridi, na nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa zimelala. Nyasi za Sydney hulala kweli. Hugeuka rangi ya mkeka wa zamani, zinakaa hivyo mpaka jua lirudi, kisha zinaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila mtu wa hapa anajua, kwa hivyo hakuna aliyemwambia Shosho. Yeye aliona nyasi kavu zimefika mpaka mlangoni. Akaona nyoka, akaona moto, akaona aibu. Kwake yeye, mwanamke anayejiheshimu ana uwanja wa udongo mtupu, uliofagiliwa mpaka ufagio ukaacha mistari. Nyasi ni za ng'ombe, na sisi hatukuwa na ng'ombe.

"Hapa hakuna watu wanaishi?" alimuuliza baba siku ya pili.

Baba akacheka. Akaombwa jembe, akaenda dukani akamletea, amefurahi kama mtu aliyemnunulia mama yake gari. Alidhani ni la kupanda vitunguu.

Baba huendesha foklifti kwenye ghala kule Wetherill Park. Mama ni nesi kwenye makao ya wazee. Mimi nilikuwa shule. Kila jioni tulirudi tukakuta kipande kingine cha nyasi kimeondoka, na kila mmoja wetu akadhani mwenzake ndiye aliyekubali. Kufikia siku Mama alipouliza, uwanja mzima ulikuwa mweupe kama sahani, na Shosho alikuwa anamalizia kuufagia kwa matawi ya mkalitusi.

Mama alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Sasa panapumua," Shosho akamwambia.

"Asante, mami," Mama akajibu, kwa ile sauti anayowawekea wazee wanaomtemea dawa.

Angesema nini tena? Mkaza mwana hamwambii mama mkwe kwamba amekosea, hata akiwa amekosea ukubwa wa uwanja mzima. Baba naye ndiyo kabisa. Hawezi kumsema mama yake, na hata mimi hawezi kunisema sana, kwa sababu nimepewa jina la Shosho, na kwetu aliyebeba jina ni kama mwenye jina. Ananiita mami. Mwanamume mzima wa foklifti, ananiita mama yake mbele ya watu pale stesheni. Nimeitumia nafasi hiyo vibaya tangu nikiwa mdogo na sina mpango wa kuacha.

Shosho akarudi Kenya mwezi wa nane, akilia kwamba anatuacha lakini angalau anatuacha pasafi. Haikupita muda akaja ajenti.

Ajenti ni kijana wa ile ofisi inayosimamia nyumba. Huvaa suti na viatu vilivyochongoka, bila soksi, na kila baada ya miezi kadhaa huja kuipiga picha nyumba yetu ili mwenye nyumba, ambaye hatujawahi kumwona, ajue kwamba bado tunajua kusugua choo. Alipiga picha choo. Alipiga picha jiko. Akafungua mlango wa kioo wa nyuma, akabaki ameshika simu hewani.

"Nyasi zimeenda wapi?"

"Tulifagia," baba akasema.

Sitaisahau sura ya yule kijana. Alitutazama mmoja mmoja, kama anajaribu kujua ni nani kati yetu aliyefagia nyasi. Kisha akasema, kwa adabu yote, kwamba mkataba wetu unaisha mwishoni mwa majira haya ya kuchipua, yaani mwezi wa kumi na moja, kwamba kabla ya hapo atarudi, na kwamba mwenye nyumba ataangalia picha ndipo aamue kama tunaendelea kukaa. Nyasi zirudi jinsi tulivyozikuta. Akatutakia siku njema.

Mama alingoja gari la ajenti liondoke. Alienda kwenye chumba cha kufulia. Nyuma ya mlango wa chumba hicho kulikuwa na maboksi yetu ya kuhamia, yamekunjuliwa na kusimamishwa ukutani. Tulitoka nayo Lidcombe, kwa sababu mwenye nyumba aliiuza. Tukatoka nayo Blacktown, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kumweka mwanawe. Mama hakuwahi kuyatupa. Yana mwandiko wake wa kalamu nene: JIKONI, VITABU, VIATU, MSIGUSE. Aliyatazama kama vile mtu anavyomtazama mgeni anayebisha hodi mara ya tatu.

"Mimi sihami tena, babake," alisema bila kugeuka. "Huyu mtoto ameshabadilisha shule za kutosha. Mimi nimeshachoka kufunga vikombe kwa magazeti. Hizo nyasi zirudi."

"Zitarudi," baba akasema.

"Zitarudi vipi?"

"Mimi nimezaliwa shambani."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jirani yetu, mzee mstaafu anayeishi peke yake na ambaye hukata kingo za nyasi zake kwa mkasi, amepiga magoti kama mtu anayeungama, alimpa baba ushauri mzuri kabisa akiwa ng'ambo ya ua wa mbao. Alisema dukani wanauza nyasi zilizokwisha kuota, zimeviringishwa kama mikeka. Unatandika, unamwagia maji asubuhi, basi. Baba alimshukuru, akaingia ndani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ninunue nyasi? Mimi? Mtu wa Murang'a anunue nyasi?"

Na kejeli ni kwamba nyasi zile ni za kwetu kweli. Huku zinaitwa kikuyu, jina la kabila letu, hata kwenye pakiti za mbegu dukani wameandika hivyo. Jirani anazichukia. Siku moja alinieleza, bila kujua anaongea na nani, kwamba kikuyu haina adabu, inapita chini ya ua, inaingia kwa maua ya watu, ukiikata inaongezeka.

"Mimi ni Mkikuyu," nikamwambia.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Alipotulia aliuliza kwa sauti ya chini kama bibi yangu atarudi lini, kwa sababu na yeye upande wake angependa ufagiliwe kidogo.

Basi baba alinunua mbegu, hilo alikubali, akazimwaga, kisha tukaenda kutafuta samadi. Kuna mtu mwenye ng'ombe mbele ya Penrith anayewapa watu bure. Tulikunja viti vya nyuma vya gari, tukatandika turubai, tukapakia. Samadi yenyewe haikuwa ile kavu ya kwenye picha za watalii. Ilikuwa mbichi, inang'aa, inatoa mvuke. Baba aliiingizia mkono, akaifinya, akaisogeza puani na kufumba macho.

"Unasikia hiyo?"

"Nasikia."

"Hiyo ndiyo harufu ya nyumbani, mami."

Nilirudi St Marys nimetoa kichwa nje ya dirisha kama mbwa. Gari lile mpaka leo likipata jua linakumbuka.

Baba alieleza kwamba samadi mbichi huunguza, haimwagwi hivi hivi. Lazima iwekwe kwenye gunia, gunia liingie kwenye maji, lichachuke, likorogwe kila siku, na mwisho uchanganye na maji safi mpaka rangi iwe kama ya strungi, chai isiyo na maziwa. Hivyo ndivyo walivyokuzia sukuma wiki kwao. Gunia hatukuwa nalo. Ndipo foronya ikaingia kazini, Mama akiwa shifti.

Kwa siku chache za kwanza ilikuwa inanuka tu. Kunuka nakujua, nimeishi na baba. Baadaye jua likaanza kuwaka kisawasawa na chai ikaanza kuishi. Ilitoa povu la rangi ya kahawa ya maziwa. Ilipumua. Ukiweka mti kukoroga, inatoa mapovu makubwa yanayopasuka polepole, na kila povu lina pumzi yake, kama mzee anayecheua baada ya kula maharagwe. Harufu haikukaa puani. Ilishuka kooni, ikakaa nyuma ya ulimi, na nikila mkate wa asubuhi nilikuwa nakula mkate wa chai ile. Nikaacha siagi. Nikaacha jemu. Chai ya kawaida siinywi mpaka leo, na kwa Mkenya huo ni ugonjwa.

Kisha wakaja funza. Si funza wa kawaida. Hawa wana mkia, mrefu, mwembamba, kama wa panya, na huutoa juu ya maji kupumulia huku mwili ukiogelea kwenye uchafu. Siku niliyowaona mara ya kwanza nilidhani ni nyuzi za foronya. Nikainama. Nyuzi zikajikunja.

Nilimwita baba. Alikuja na kikombe mkononi.

"Hao ni wazuri," alisema. "Wanaonyesha iko tayari."

"Baba, wana mikia."

"Hata ng'ombe ana mkia."

Nilimjibu kwa Kiingereza maneno ambayo sitayaandika, na yeye akajifanya Kiingereza hakimfiki asubuhi.

Tone moja likiruka kwenye sketi ya shule linatosha siku nzima. Kwenye basi nina rafiki, Mkongomani wa darasa letu, kwao ni Uvira, na Kiswahili chake kina mambo yake. Siku ya tone la kwanza alikaa karibu nami, akanusa mara mbili, akanigeukia.

"Dada, leo uko unanuka sawa mbuzi ya mariaje." Mariaje kwao ni harusi.

"Ni losheni."

"Ya mbuzi?"

"Ya ng'ombe."

"Ah bon." Akachukua begi lake, akaenda kukaa nyuma kabisa. Vituo viwili baadaye alirudi. "Nimerudia. Kule nyuma kuko miguu ya batu. Ngombe ni afazali."

Jirani naye alivumilia mpaka akashindwa. Alichungulia juu ya ua nikiwa nakoroga, ameshika leso puani, akauliza ni nini tunachopika.

"Pombe," nikamwambia. "Ya harusi yangu."

Alitazama sare yangu ya shule, akatazama pipa, akarudi nyumbani kwake taratibu. Jioni baba alinijia chumbani.

"Mami. Yule mzee amenipa pole kwa ndoa yako."

"Amekuwa mzuri sana."

"Amesema kuna namba ya serikali naweza kupiga."

Nilicheka mpaka nikavuta pumzi ndefu, na hilo lilikuwa kosa, maana dirisha lilikuwa wazi.

Mama yeye hakuwa anacheka. Mama alikuwa anatoka shifti, anasimama kwenye mlango wa kioo na sare yake, anaangalia udongo. Kulikuwa na ndege wale weupe wenye midomo mirefu kama koleo, wanaokula kwenye mapipa ya taka, wametembea juu ya mbegu zetu wakizichagua moja moja. Na pale walipochimba walitoa mabuu meupe, manene, yamejikunja kama kidole cha mtoto, wakayameza mbele yake. Kila siku alikuwa anauliza swali lile lile.

"Imeota?"

"Bado kidogo," baba anasema.

Na kila Jumapili alikuwa anapitia chumba cha kufulia, na mimi nasikia maboksi yakisogezwa.

Baba akaanza kumwaga chai yake kwa ndoo, ameichanganya mpaka strungi, asubuhi na mapema jinsi inavyotakiwa. Na siku moja katikati ya mwezi wa kumi, kweli kabisa, uwanja ukawa na kivuli cha kijani. Ukiuangalia moja kwa moja huoni kitu. Ukiuangalia kwa pembeni, kijani. Baba alimwita Mama amevaa bado kanga ya kulalia. Walisimama pale, Mama akaweka mkono mdomoni. Wiki iliyofuata ilikuwa kijani kamili, nene, laini, mpaka kwenye ua. Mimi mwenyewe nilikubali. Nikavua viatu, nikasema nitakuwa mtu wa kwanza kukanyaga nyasi za Murang'a.

Nilifika katikati. Halafu miguu yangu ikawaka moto.

Haikuwa nyasi. Nilikuwa naruka mguu mmoja, nao unawasha, nikaruka mwingine, nao unawasha, na hakuna mahali pa kukanyaga pasipowasha. Baba akadhani nacheza, akapiga makofi. Ilibidi Mama aje na viatu anibebe, mtoto wa miaka kumi na mitano, huku nyayo zangu zikivimba vipele vyeupe kama za mgonjwa wake.

Tulimpigia Shosho kwa video. Baba aliinamisha simu mpaka ikagusa majani.

"Hiyo ni thabai," Shosho akasema, sauti imejaa furaha. "Na hiyo kando yake ni terere. Mmepanda mboga. Si niliwaambia panapumua?"

Thabai, kwa asiyejua, ni yale majani yenye vinywele vinavyochoma, ambayo kwetu huchumwa kwa uangalifu, huchemshwa, na kupondwa na viazi kwenye mukimo. Terere ni mchicha. Wote walikuwa wamekuja ndani ya tumbo la ng'ombe wa Penrith, wakapita kwenye foronya, wakanywa chai, wakashiba, wakaota. Mbegu za dukani zilikuwa zimeliwa na ndege zamani.

"Nyasi je, mami?" Mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tunahitaji nyasi."

"Nyasi za nini?" Shosho akamuuliza. "Mmenunua ng'ombe?"

Jioni hiyo baba alivaa glavu za kazini, akachuma. Akachemsha, akaponda, akaweka mezani kilima cha kijani kinachotoa mvuke. Mimi nilikuwa nimewaona funza wale. Nilikuwa najua kila kitu mmea ule ulichokula maishani mwake. Niliangalia kijiko cha baba kikiingia mdomoni, nikaona shavu likizunguka, nikaona koo likimeza.

"Ladha ya nyumbani," alisema.

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwa naikoroga."

Mama alisukuma sahani yake. Hakula, lakini pia hakucheka, na nilipomwona hivyo utani wangu ukaniishia mdomoni. Alisema tu kwamba ajenti anakuja Jumatano ya wiki ijayo, amepata ujumbe. Kisha akauliza kama gundi ya maboksi bado iko kwenye droo.

Baba alimaliza sahani yake. Mwishowe akasema tutakata. Thabai ikikatwa chini kabisa, na terere ikikatwa chini kabisa, kwa mbali nani atajua? Kijani ni kijani.

Shida ilikuwa pipa. Ajenti hakutakiwa kulikuta. Kwa hivyo Jumanne, Mama akiwa shifti, baba alilipindua. Hakuchanganya na maji, hakungoja strungi. Alilimwaga zima, na lile tope jeusi la chini, na funza wenye mikia wakiteleza kila upande kama watu waliofukuzwa nyumbani, akasambaza yote kwa reki juu ya uwanja wote. Alisema ni ya kuongeza kijani. Pipa akaliosha, akalipeleka kwa jirani, ambaye alilipokea kwa koleo la moto. Foronya nayo akaifua kwa mkono na kuianika.

Mama aliporudi aliikuta kwenye kamba, rangi ya chai, inadondosha maji.

"Hii si ile yangu ya maua?"

"Maua bado yako," baba akasema.

Jumatano asubuhi tulikata. Niliruhusiwa kuchelewa shule, na ningelipa pesa nisiruhusiwe. Mashine yetu ni ya zamani, haina mfuko wa kukusanyia, inatupa ubavuni kila inachokata. Ilitupa majani mabichi, ilitupa mabonge ya tope, ilitupa vitu laini ambavyo sikuviangalia. Baba alikuwa anaisukuma, mimi nimetangulia naokota mawe, na kila alipogeuza nilipigwa miguuni na mvua ya mavi yenye thabai ndani yake, ili yawashe huku yananuka. Kuna kitu kiliingia mdomoni. Nilitema mpaka nikakosa mate. Na kile kilichosagwa kilitoa harufu mpya, ya majani mabichi juu ya ile ya kinyesi, kama mtu amenyunyizia manukato maiti.

Lakini tulipomaliza, nikasimama mlangoni nikaangalia. Ilikuwa kijani. Ilikuwa sawa, imelala, ina mistari ya mashine. Kama ungekuwa huna pua ungeileta familia yako kupumzika hapo.

Saa nne ajenti akabisha. Siku hiyo joto lilikuwa limepanda na upepo wa bara ulikuwa unakuja moja kwa moja kutoka uwanjani. Mama alikuwa amebadilisha sare, amevaa gauni la kanisani. Alimtembeza yule kijana chooni, jikoni, vyumbani, na mimi nikafuata nyuma, nimeoga mara mbili. Baba alikaa kwenye kochi ameshika magoti.

Ajenti akashika mlango wa kioo, akauvuta.

Sijui nieleze vipi. Harufu haikuingia kama upepo. Iliingia kama mtu. Nzi waliingia nayo, wengi, wazito, wa rangi ya kijani. Ajenti alirudi nyuma hatua moja, akaziba pua kwa kiwiko cha suti, macho yakamjaa maji.

"Kuna bomba la maji machafu limepasuka?" akauliza kupitia kitambaa.

"Hapana," Mama akasema. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na nilikumbuka kwamba kazi yake ni kubadilisha watu nepi huku akiwauliza habari za wajukuu. "Ni mbolea ya asili. Tunazitunza sana. Karibu nje utembee, uziguse."

Alimfungulia mlango zaidi. Kijana alitazama viatu vyake, akatazama vifundo vyake visivyo na soksi, akatazama kijani chote kile. Mimi nilikuwa naomba kwa miungu yote asikubali. Hatua tatu tu angekuwa anaruka mguu mmoja.

"Naona vizuri kutoka hapa," akasema.

Akafunga kioo. Akapiga picha kupitia kioo, tatu, amekunja uso, mkono mmoja bado uko puani. Akasema zinaonekana zimerudi vizuri sana, hongera. Alitoka kwa mlango wa mbele akitembea upesi kuliko alivyoingia, na nikamwona akikaa kwenye gari na milango yote wazi.

Mwenye nyumba alituma jibu wiki iliyofuata kupitia ofisi. Mwaka mwingine. Alisifu bustani. Sijui yuko wapi, labda anakaa ufukweni kwenye nyumba yenye hewa, ameikuza picha yetu kwa vidole viwili na kuona kijani. Picha haina harufu. Hilo ndilo lililotuokoa, pamoja na uvundo ambao mimi nilikuwa nimeulaani kila asubuhi kwa miezi miwili. Baba anasema ilikuwa mpango wake tangu mwanzo.

Jumamosi baada ya habari hizo nilimkuta Mama kwenye chumba cha kufulia. Nilidhani ameenda kuangalia maboksi tena. Aliyabeba yote kwa mikono miwili, akanipita, akatoka nje na viatu vya mvua. Akayatandika juu ya thabai, moja moja, amegusanisha kingo, kama mtu anayetandika kitanda. Jirani alikuwa amemwambia kwamba boksi likilowa na kukaa juu ya magugu, yanakosa jua yanakufa, na boksi lenyewe linaoza likawa udongo.

"Usisimame hapo," akaniambia. "Leta mpira wa maji."

"Na tukihama tena?"

"Lowesha," Mama akasema.

Nikalowesha. JIKONI ikawa nyeusi, VITABU ikalegea, MSIGUSE ikajikunja kona. Baba alitoka na kikombe cha chai, akasimama kando yake, wakaangalia maboksi yakinywa maji kama vile watu wengine wanavyoangalia televisheni.

Sasa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, kuyalowesha. Yameanza kuoza. Yanatoa harufu ya soksi iliyosahauliwa kwenye begi la michezo, na yamekuwa laini kiasi kwamba ukigusa kidole kinazama. Jana niliinua kona ya MSIGUSE kwa ncha ya kiatu ili nione thabai imekufa au la. Imekufa, imekuwa kamasi. Juu ya kamasi walikuwa wamelala konokono wasio na nyumba, wanene, rangi ya ini, wamebanana. Na katikati yao, mweupe kama mfupa kwa kukosa jua, ulikuwa umepita uzi mmoja wa nyasi, kutoka upande wa jirani, chini ya ua, unaenda zake.

Nikarudisha kona upesi, nikaenda kunawa.